Mguu na Kiatu Chake

Msomaji mpenzi, ukifika Kenyenya alfajiri utawakuta wanafunzi wamekwisha kuwa njiani, vitabu mgongoni, na umande umelowesha miguu yao. Nchi ya Wagusii ni nchi ya vilima na mvua nyingi, na mtu hana budi kupanda na kushuka kabla hajafika shuleni au sokoni. Mimi ni mwalimu katika nchi hiyo. Nataka kukueleza habari za kitu ambacho vitabu vya historia hukisahau mara nyingi, nacho ni ngozi ya mguu wa mwanadamu.

Zamani wazee wetu walikwenda peku. Nyayo zao zilikomaa tangu utotoni, hata malengelenge hayakuwasumbua sana. Adui zao walikuwa mwiba na jiwe, na baadaye funza. Funza si mwenyeji wetu: alitoka Marekani ya Kusini, akafika pwani ya Angola kwa meli mwaka wa 1872, na katika muda usiozidi miaka thelathini alikwisha kuvuka bara zima mpaka pwani yetu ya mashariki.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Vijana wengi, Wagusii miongoni mwao, walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Walibeba risasi na vyakula katika pori la Tanganyika, wengi wao wakienda miguu mitupu. Makumi ya maelfu walikufa, na walioangamizwa na maradhi na uchovu walikuwa wengi kupita waliouawa kwa risasi. Majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni ukumbusho wao. Nairobi iko pia sanamu iliyowekwa mwaka wa 1928, na maandishi yake yanawaita wapagazi hao miguu na mikono ya jeshi. Tafakari, msomaji: jeshi zima lilisimama juu ya nyayo zao.

Baada ya vita vya pili, miguu ya nchi yetu ilipata sifa ya namna nyingine. Mwaka wa 1954 Nyandika Maiyoro, Mgusii, na Lazaro Chepkwony walisafiri mpaka Uingereza na Kanada kushindana na wakimbiaji wa mataifa mengine. Huko London Chepkwony alikimbia bila viatu, na watazamaji wakastaajabu. Huko Vancouver Maiyoro alikuwa wa nne katika mbio za maili tatu. Katika Michezo ya Olimpiki alikuwa wa saba mwaka wa 1956, na wa sita mwaka wa 1960, mara zote mbili katika mbio za mita 5,000.

Mwaka huohuo wa 1960, huko Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni akiwa peku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Husimuliwa kwamba viatu vipya alivyopewa havikumkaa vizuri, basi akaviacha. Lakini usidhani kwamba kiatu ni adui. Mwaka wa 1964, huko Tokyo, Bikila alishinda tena, akiwa amevaa viatu, na kwa muda mfupi zaidi. Kiatu kinachomfaa mtu humsaidia, kisichomfaa humwadhibu.

Je, lengelenge hutoka wapi? Ngozi inaposuguliwa mara kwa mara, tabaka zake za juu huachana, na maji ya mwili huingia katika nafasi hiyo. Joto na unyevu huzidisha msuguano. Kwa hiyo usivae kiatu kipya kwa mara ya kwanza siku ya safari ndefu au ya mashindano; kizoeze kidogo kidogo. Vaa soksi kavu, na zikilowa zibadilishe. Ukisikia mahali pamoja panaungua, simama, upafunike kwa plasta. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lengelenge dogo liache; ngozi yake ni bandeji bora. Likiwa kubwa na lenye maumivu, nawa mikono kwa sabuni, lisafishe, ulitoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, ukamue maji polepole, kisha ulifunike kwa kitambaa safi. Ngozi ya juu usiibandue. Ukiona usaha, au wekundu unaoenea, au homa, nenda zahanati. Mwenye ugonjwa wa kisukari asijitoboe mwenyewe kamwe.

Nina sababu ya kuyasema haya. Mwanafunzi wangu mmoja aliazimwa viatu vya mbio, akavivaa kwa fahari kubwa siku ya mashindano. Kisigino kilipotoka lengelenge, aliona haya kusema. Akalibandua kwa kucha usiku. Kidonda kikaoza, mguu ukavimba, akakosa masomo kwa majuma mawili. Lawama ilikuwa yangu: nilimfundisha kupiga mbio, nisimfundishe kutazama nyayo zake.

Basi wewe, msomaji, leo jioni ukifika nyumbani, osha miguu yako, uikaushe hata katikati ya vidole, uitazame. Wapagazi wale hawakuwa na mtu wa kuwatazamia nyayo zao. Wewe una maji, una sabuni, na sasa una maarifa.