Mgeni Nairobi? Hivi Ndivyo Utakavyoijua Baa Nzuri ya Wiski

Umefika Nairobi mara ya kwanza na jioni unatamani wiski safi. Usiingie tu popote penye taa na muziki. Pombe feki ipo, na ikiwa na methanoli inaweza kukupofusha au kukuua.

Uliza wenyeji kwanza, kisha keti kaunta na uangalie haya:

1. Stempu. Chupa halali ya wiski hubandikwa stempu ya KRA. Pakua programu ya Soma Label kwenye simu, uikague. Sema umiminiwe mbele yako, kutoka chupa yenyewe.

2. Bei. Kwa kipimo cha mililita 30, chupa ya mililita 750 hutoa toti 25. Piga hesabu. Kama toti 25 hazifikii hata bei ya chupa dukani, hapo kuna jambo.

3. Mhudumu. Muulize wiski ya Scotland hukaa pipani muda gani. Kisheria ni miaka isiyopungua 3, kwenye pipa la mwaloni. Anayeijua kazi yake atakujibu bila kubabaika.

4. Glasi yako. Nairobi kuna "mchele", dawa ya kulewesha ambayo wezi hutia kwenye kinywaji. Ukienda msalani, ukirudi agiza nyingine. Hasara ya toti moja ni ndogo kuliko kuamka bila simu wala pesa.

Ukimaliza, ita teksi. Na macho yakianza kuona ukungu, usingoje asubuhi, kimbia hospitali.