Kutoka Lipala hadi Matanga: Suala la Ukomavu katika Muziki wa Sauti Sol

Uhakiki wa nyimbo za vijana nchini Kenya umezoea kuupima ukomavu wa bendi kwa vigezo vya nje: ubora wa kurekodi, wingi wa ala, na majina ya wageni walioshirikishwa. Vigezo hivyo vina manufaa yake, lakini haviwezi kumweleza mhakiki iwapo waimbaji wamepevuka kifikra. Makala haya yanaichunguza safari ya bendi ya Sauti Sol kwa kigezo kingine, yaani namna ilivyotumia mila za magharibi mwa Kenya, hasa zile zinazojulikana vyema Bungoma na Kitale.

Kundi hili lilianza mwaka 2005 miongoni mwa vijana waliokuwa wakiimba pamoja katika shule ya upili ya Upper Hill, Nairobi. Mwanzo wake ulikuwa kwaya isiyotegemea ala, na ulinganifu wa sauti umebaki kuwa msingi wa fani yake. Mwaka 2014, wimbo "Sura Yako" uliwapa wasikilizaji mtindo wa kucheza uitwao lipala, unaohusishwa na magharibi mwa Kenya. Wimbo huo ulijumuishwa katika albamu ya Live and Die in Afrika ya mwaka 2015. Katika hatua hii, mila imeazimwa kama pambo: mwili wa mchezaji unaikumbuka, lakini maudhui yanabaki kuwa sifa za mpenzi.

Albamu ya Midnight Train, iliyotolewa mwaka 2020 chini ya Universal Music Africa, inaonyesha mabadiliko. "Insecure" inaingia katika wasiwasi wa mapenzi; "Brighter Days", iliyoimbwa pamoja na Soweto Gospel Choir, inageukia matumaini. Hata hivyo, wimbo unaostahili mjadala zaidi kwa mhakiki wa fasihi ni "Disco Matanga (Yambakhana)", ulioshirikisha Sho Madjozi na Black Motion wa Afrika Kusini.

Jina lenyewe ni sitiari yenye mgongano. Katika Kiswahili cha pwani, matanga ni siku za kukaa na wafiwa. Watu huweka matanga, kisha wakayaanua, na maisha yakaendelea. Huko magharibi, neno hilo limeoana na disko. Disko matanga ni mkesha wa muziki wa vipaza sauti katika boma la marehemu kabla ya maziko. Vijana hukusanyika, fedha huchangwa, na usiku hupita bila wafiwa kuachwa peke yao. Lakini giza hilo hilo limewaponza wengi. Maafisa wa utawala wamelipiga marufuku mara kwa mara, wakilihusisha na mimba za wasichana wa shule.

Uzito wa suala hili hauwezi kueleweka bila kurejelea fasihi simulizi ya Wabukusu, wanaoishi Bungoma na pia Trans Nzoia, ambako mji mkuu ni Kitale. Katika jamii hiyo, mvulana huvushwa kuingia utu uzima kwa tohara, inayofanyika katika miaka inayogawika kwa mbili, na nyimbo ndizo zinazomsindikiza. Lakini mbele ya kifo cha mzee anayeheshimiwa, si kila mwanamume aliyetahiriwa anaruhusiwa kusema. Siku chache baada ya maziko huitwa msemaji wa kumuse, naye hutembea mbele ya umati akisimulia historia ya watu wake, akikemea, akionya na kufariji. Manguliechi wa Bungoma alipata umaarufu mkubwa kwa sanaa hiyo. Kwa maneno mengine, kutahiriwa kunampa mtu utu uzima, lakini kunena penye msiba ni daraja la juu zaidi.

Kwa kigezo hicho, "Disco Matanga" ni hatua mbele ya "Sura Yako". Bendi haiazimi tena hatua za miguu tu, bali inaitaja taasisi nzima ambayo jamii inaionea haya na wakati huo huo kuitegemea. Hata hivyo, mdundo wake ni wa kucheza. Nafasi ya msemaji wa kumuse haijazibwa. Msikilizaji wa mjini, asiyewahi kukesha katika boma la msiba, anaweza kuusikia wimbo wote kama sherehe. Ajabu ni kwamba anafanana na afisa anayepiga marufuku: wote wawili wanasikia disko na kulisahau neno la pili.

Mwaka 2023 bendi ilitangaza mapumziko yasiyo na ukomo na kuwaaga mashabiki wake. Kwa hiyo, mwenendo wake unaweza sasa kutathminiwa kwa ujumla. Ukomavu ulioonekana mwaka 2020 ni wa kweli, lakini ni wa nusu njia: vijana wamefika uani penye msiba, wamewasha vipaza sauti, na hawajamwachia mzee nafasi ya kusema. Watafiti wa fasihi simulizi hawana budi kuyakusanya yanayosemwa na kuimbwa katika mikesha ya Bungoma na Kitale, wafiwa wenyewe wakiwa miongoni mwa wanaosikilizwa. Bila kazi hiyo, disko matanga litaendelea kujulikana kupitia amri za utawala na nyimbo za kuchezwa tu.