Hifadhi dijitali za historia simulizi

Hifadhi dijitali ya historia simulizi ni mkusanyo wa mahojiano yaliyorekodiwa na kupangwa kwenye kompyuta, ili msikilizaji aifikie sehemu anayoitaka bila kusikiliza rekodi nzima. Kupandisha faili za sauti mtandaoni hakutoshi. Mahojiano ya saa tatu yasiyo na faharasa yamefichika karibu sawa na kanda iliyofungiwa kabatini.

Zamani maandishi ndiyo yaliyothaminiwa. Mpango wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ulioanzishwa na Allan Nevins mwaka 1948, hapo awali ulinukuu mahojiano kisha ukazifuta kanda ili zitumike tena. Lafudhi, kigugumizi na kicheko vikaenda nazo.

Programu ya OHMS, iliyobuniwa mwaka 2008 chini ya Doug Boyd katika Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, ilirudisha sauti mbele. Huunganisha unukuzi na rekodi kwa alama za muda: mtu hutafuta neno, hubonyeza alama, na msimulizi huanza kusema palepale. Asiye na fedha za kunukuu hutengeneza faharasa tu, yaani husikiliza na kuandika kichwa na muhtasari kila mada inapobadilika. Njia hii ya gharama nafuu mara nyingi humfaa mtafutaji kuliko unukuzi kamili, kwani mzee aweza kusimulia ubaguzi wa rangi saa nzima asilitamke neno lenyewe.

Kufikika kuna mipaka yake. Wawarumungu wa Tennant Creek, Australia, hawakutaka kila kitu kionwe na kila mtu. Mfumo wa Mukurtu, ulioanza mwaka 2007 kwa ushirikiano wao na mtafiti Kimberly Christen, hufungua au hufunga kumbukumbu kwa kufuata ukoo, jinsia na desturi za msiba.

Hata hivyo, kufuli la programu halizuii amri ya mahakama. Chuo cha Boston College, Marekani, kilihifadhi mahojiano ya waliokuwa wapiganaji wa Ireland ya Kaskazini, ambao waliamini kwamba maneno yao hayatatolewa wakiwa hai. Mwaka 2011 mamlaka za Uingereza zilianza kuyadai kupitia mahakama za Marekani, na baadhi yakakabidhiwa. Mwaka 2014 chuo kilitangaza kuwa msimulizi atakayetaka rekodi yake atarudishiwa.