Tamu Isiyohitaji Oveni

Siku hizi kila ukifungua simu kuna mtu anakufunza kutengeneza madonge matamu bila kuoka. Saga tende, changanya na njugu na simsim, viringisha, piga picha. Yanauzwa kwetu kama uvumbuzi mpya. Lakini hebu fikiria: katika jikoni zetu, kitu kigeni ni oveni. Nyanya zetu hapa Machakos walipikia mafiga matatu. Kashata ya Mombasa inapikwa kwa sufuria. Ladu ya Wahindi inafinyangwa kwa kiganja. Na yale madonge ya simsim yanayokaa kwa mitungi ya dukani Kampala, Busia na Kisumu hayajawahi kuokwa.

Kwa hivyo swali langu si nani aliyavumbua. Swali ni vitu hivi vilitufikiaje, na nani aligharamika.

Tuanze na kilicho chetu. Utamu wa kwanza Ukambani ni asali. Wakamba walichonga mizinga ya magogo na kuitundika mitini, na asali ikaingia kwa pombe, kwa mahari na kwa biashara. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka hadi pwani na pembe za ndovu. Mfanyabiashara Kivoi wa Mwendwa ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf kwake Kitui mwaka wa 1849, safari ambayo Krapf aliona Mlima Kenya. Mtu akikwambia bara ilikuwa imelala ikingoja wageni, mtajie Kivoi.

Huko pwani tende ziliteremshwa kutoka majahazi ya Uarabuni yaliyokuja na kaskazi. Yaliporudi na kusi yalibeba boriti za mikoko. Biashara safi, unaweza kusema. Simsim ndiyo inayonikwama kooni. Kuanzia miaka ya 1860 Malindi ilifufuliwa kuwa mji wa mashamba makubwa ya nafaka na simsim, na waliolima walikuwa watumwa. Simsim nyingi ya pwani hii ilipitia Zanzibar hadi Marseille, Ufaransa, ikakamuliwa mafuta. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Mbegu ndogo namna hiyo, na mgongo wa mtu uko ndani.

Njugu karanga nayo asili yake ni Amerika ya Kusini. Ilivuka bahari enzi za Wareno na ikakuta Afrika tayari ina njugu mawe yake. Leo hakuna anayeiita mgeni.

Halafu reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, na wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, lakini maelfu walikaa, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka hadi miji midogo ya bara, Machakos ikiwemo. Ladu ilipata makao mapya. Machakos yenyewe, iliyokuwa kituo cha utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijawa mji, reli iliipita kando. Ilifika Nairobi 1899, na ofisi za mkoa zikaifuata. Wakati huohuo, 1898 na 1899, Ukambani ulikuwa unakufa kwa njaa ya Ngomanisye. Kumbuka hayo mawili pamoja: chuma kinapita tambarare, na watu wanakosa chakula juu milimani.

Sukari ya kiwandani ilikuja baadaye. Kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza 1922, na Ramisi kule pwani kikafuata 1927. Polepole kijiko cha sukari kikachukua nafasi ya asali kwa vikombe vyetu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, naishi kwa kuandika. Malipo yakichelewa nauza madonge haya, shilingi 20 moja. Wateja hubishana hapo hapo: huyu anasema ni chakula cha Wahindi, yule anasema ni cha Waswahili, mwingine anataka kujua kama kuna kitu cha Kikamba kweli. Mimi husema vyote vimo. Jibu hilo halimridhishi kila mtu, kwa sababu tumefunzwa kwamba kitu kikiwa na wenyewe wengi basi si chako.

Kama unataka kujaribu: kaanga kikombe kimoja cha njugu na kimoja cha simsim bila mafuta, moto mdogo, kila moja peke yake, maana simsim huungua haraka. Twanga njugu kwa kinu, zisiwe unga kabisa. Toa kokwa kwa tende, uponde kikombe kimoja. Changanya na vijiko viwili vya asali na chumvi kidogo. Lowesha viganja, finyanga. Ikikataa kushikana, ongeza tende, si maji. Acha zipoe mahali penye kivuli. Friji si lazima.

Na ukimpa mtu moja, usimwambie ni mpya. Mwambie imetembea.