"Tumeokoa mamilioni!" Ukilinganisha na nini?



Wiki iliyopita mhariri wangu alinirudishia habari ikiwa imejaa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika kwamba ofisi fulani imeokoa mamilioni ya shilingi, kwa kuwa mkubwa wao katuambia hivyo mbele ya kamera. Mhariri akauliza swali moja tu: ukilinganisha na nini? Nikabaki nimetoa macho.

Katika kutafuta jibu nikajikuta nasoma historia ya chumvi ya barabarani Marekani. Msicheke, kuna somo.

Maji ya chumvi yanahitaji baridi kali zaidi ili yagande, ndiyo maana chumvi huyeyusha barafu. Jimbo la New Hampshire lilianza kuijaribu barabarani mwaka 1938. Baada ya Vita Kuu ya Pili matumizi yakapaa, na leo nchi hiyo humwaga mamilioni ya tani kila mwaka. Gharama haziishii kwenye manunuzi: chumvi inakula magari na madaraja, kisha inaingia mitoni na visimani.

Kwa miongo mingi uamuzi ulikuwa kichwani mwa msimamizi wa zamu. Saa tisa usiku anasikiliza utabiri, anachungulia dirishani, anaamua: malori yatoke au yasubiri? Akiwahi mno, mvua inaweza kuisomba chumvi kabla theluji haijaanza. Akichelewa, barafu imeshang'ang'ania lami. Tena joto la hewa si joto la lami, na lami ikifika nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inafanya kazi kwa kujikongoja.

Ndipo serikali kuu ikaanza, mwaka 1999, kutafuta msaada wa kompyuta. Ikazaliwa programu iitwayo MDSS: inachukua utabiri, joto la lami na kanuni za kazi, kisha inamshauri msimamizi amwage nini, kiasi gani na saa ngapi. Ilijaribiwa Iowa mwaka 2003. South Dakota na majimbo mengine manne, Indiana likiwamo, yalikuwa yameanza mradi wao mwaka 2002.

Msimu wa 2008-2009 Indiana likaitumia jimbo zima. Matokeo? Chumvi ilipungua kwa tani 228,470, zaidi ya dola milioni 12. Hapo mimi ningeshaandika kichwa cha habari!

Lakini wao wakajiuliza: je, kama baridi yenyewe ilikuwa ya upole? Wakapiga hesabu upya kwa kuzingatia ukali wa msimu. Zikabaki tani 188,274, karibu dola milioni 10. Kwa hiyo tani zaidi ya 40,000 ziliokolewa na mbingu, si kompyuta.

Hata hapo maswali hayajaisha. Huenda wasimamizi walibana chumvi kwa sababu walijua wanahesabiwa. Na chumvi pungufu si faida kama magari yanateleza zaidi. Ila ninachokiheshimu ni kwamba walizitoa namba zote mbili, kubwa na ndogo, hadharani.

Sisi huku hatuna theluji ya kufagia, lakini misimu ya kutubeba tunayo. Mvua zikiwa nzuri, kila mtu anajisifia mavuno na umeme wa mabwawa.

Habari yangu bado iko mezani. Kesho namrudia yule mkubwa na swali la mhariri.