Impela si feni

Lori la kwenda Kampala likichemka kwenye foleni ya Malaba, dereva hukimbilia rejeta. Injini ya boti haina rejeta. Kule Port Victoria na Sio Port, upande wa ziwani wa Kaunti hiihii ya Busia, inapoozwa na Ziwa Victoria lenyewe: maji huingia kwa matundu yaliyo karibu na rafadha, hupanda bombani hadi kwenye silinda, kisha hurudi ziwani. Kinachoyapandisha ni impela.

Wapo wanaoiita feni, na jina hilo linaharibu injini. Feni ina mapanga magumu na huzunguka pakavu kutwa nzima bila madhara. Impela ni gurudumu dogo la mpira, mara nyingi lenye mapezi sita, lililo ndani ya kikombe cha chuma ambacho shafti haipiti katikati yake. Pezi likifika upande mwembamba hukunjika na kuyabana maji. Likifika upande mpana hunyooka na kuvuta mengine. Anayeijua kama feni huwasha injini nchi kavu ili aisikilize kidogo, na kumbe mpira unaungua, kwa kuwa maji ndiyo yanayoulainisha. Kuiita pampu nako hakutoshi, maana pampu ni kikombe na vyote vilivyomo, na muuza spea atakutajia bei ya vyote. Hata "kisukumamaji" hakufai: rafadha nayo husukuma maji. Mimi nasema impela, basi.

Ikiwa hai, uzi wa maji hutoka pembeni mwa injini. Uzi ukikatika, zima papo hapo. Ondoa gugumaji na nailoni kwenye matundu ya kuingizia, kisha pitisha waya mwembamba kwenye tundu la kutolea. Pengine ni tope tu lililoziba, na impela haina kosa.

Pakiwa safi, fungua mguu wa injini uhesabu mapezi. Likikosekana moja, usifunge impela mpya kabla hujakipata kipande, maana kimepanda na maji na kukwama juu. Pitisha kidole ndani ya kikombe. Mto Nzoia humwaga mchanga karibu na Port Victoria, na mchanga hukikwaruza. Impela mpya ndani ya kikombe chenye mikwaruzo huvuta kwa unyonge. Hakikisha kichuma cha nusu mwezi kinachoishika impela kwenye shafti kipo, la sivyo shafti itazunguka na impela imetulia. Paka impela maji ya sabuni, ushushe kikombe huku ukizungusha shafti kufuata mwendo wa saa, mapezi yote yalale upande mmoja.

Jaribu injini ndani ya pipa, maji yakiwa juu ya matundu ya kuingizia. Uzi ukitoka vizuri na injini bado inachemka, toa tamostati uitie kwenye sufuria ya maji ya moto. Isipofunguka, nunua nyingine.