Kutoka Uwanja wa Mbina Hadi Flashi ya Bodaboda

Ukitaka kujua wimbo gani mpya unatamba Kahama, simama dakika kumi kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo pale Nyasubi. Dereva wa bodaboda anatoa flashi, kijana wa kompyuta anamwonjesha mwanzo wa wimbo mmoja, wa pili, wa tatu. "Hiyo toa. Gitaa tamu, lakini anasema nini?" Kesi imekwisha, anayefuata anasogea.

Hukumu ya namna hii ni ya kale Usukumani. Katika karne ya 19, Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na wa dawa, walishindana mpaka wafuasi wao wakagawanyika kuwa Bagika na Bagalu. Vikundi vya mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma, vinajitambulisha kwa majina hayo hadi leo. Mavuno yakishaingia ghalani, hasa siku za Saba Saba, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Mwamuzi ni miguu ya watu. Ukivutiwa na wale, unahama. Upande uliojaza watu ndio umeshinda. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, aliyerudi na nyimbo za mwaka jana aliachwa akiliimbia vumbi, huku akiwaona kwa macho yake waliomkimbia. Ndiyo maana alitunga upya kila msimu. Watu husimulia sana samba, dawa ya kuvuta umati, na machatu waliobebwa uwanjani. Mimi naamini kilichowashikilia watu ni maneno: fumbo, kejeli, jina la mtu lililotajwa mahali pake.

Chombo cha kurekodi kilikuja baadaye. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa ngoma, na katika miaka hiyo Padri David Clement wa Bujora aliifungulia mbina mlango wa kanisa kupitia sherehe za Bulabo, sikukuu ya Ekaristi. Kisha ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam. Ililea muziki wa dansi, bendi kama Tabora Jazz zikasikika nchi nzima, lakini lugha yake ilikuwa Kiswahili, na manju wa Kisukuma akabaki na uwanja wake. Redio binafsi na kaseti za miaka ya 1990 zikalegeza kamba. Mwaka 2001 Saida Karoli wa Bukoba alitoa Chambua Kama Karanga; Watanzania wasiojua neno la Kihaya wakaimba naye. Tangu hapo hakuna wa kuniambia kwamba lugha ya nyumbani haiuziki.

Waingereza huita "indie" muziki wa anayetoa wimbo mwenyewe bila kampuni kubwa. Bendi ya Buzzcocks ya Manchester ilifanya hivyo mwaka 1977. Kwetu huo ndio utaratibu wa kawaida. Wasanii wa Kisukuma kama Bhudagala na Nelemi Mbasando wamefika masikioni mwa watu kwa kadi za simu, flashi na YouTube, na nyimbo zao zinapigwa kuanzia Shinyanga hadi machimbo ya Geita.

Maoni yangu juu ya nyimbo mpya ni haya. Gitaa limekuwa kali, midundo ya kompyuta inachezesha kweli. Ila nyingi zinatoka kwa haraka mno, kwa sababu mtunzi haoni tena watu wakimhama. Zile zinazodumu bado ni zenye fumbo la kuzungumziwa njiani.

Na kuna hasara moja tunayoweza kuizuia. Wimbo ukishapita flashi tatu, jina la mwimbaji linafutika, kinabaki "Track 07". Manju wa zamani alijulikana hata na waliomshinda. Ndugu yangu wa kibandani, kabla hujamrudishia mteja flashi yake, andika jina la mwimbaji na mwaka.